Bango langu lapiga kelele za fainali, filamu ni ya muuza madafu. Nisaidieni

Mwana_Mikindani aliuliza:

Salaam wakubwa zangu. Niko mwaka wa pili, nasomea utengenezaji wa filamu hapa Mombasa. Kazi ya muhula ni dokumentari ya michezo ya dakika tano, halafu na vya kuitangaza: bango, trela ya nusu dakika na ukurasa mmoja wa jarida. Lazima tueleze kaida gani tumezifuata, zipi tumezivunja, na kwa nini.

Nimemchukua kipa wa timu ya mtaani kwetu. Asubuhi anasukuma mkokoteni wa madafu, jioni yuko golini. Nimerekodi siku nne. Shida ni mbili. Kwanza bango: nimemweka anaruka hewani, nyuma Fort Jesus, moshi, taa za uwanja (uwanja wenyewe hauna taa), na maandishi mekundu "VITA VYA MWISHO". Juu nikatia yale majani mawili ya tuzo kama kwenye mabango ya sinema. Mwalimu akacheka, akauliza kama ni filamu ya ngumi. Mechi yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, wakatoka sare 1-1.

Pili, binamu yangu kaitazama mechi nilivyoihariri akasema, "Mbona wanajifunga wenyewe?"

Nianze upya?

Ras_Tudor alijibu:

Kwa bango hilo hufui dafu, kijana 😂 Toa Fort Jesus. Kila kitu kinachotoka Mombasa ni Fort Jesus au yale mapembe ya Moi Avenue. Kipa wako anauza madafu ngomeni? Basi.

Na hayo majani ya tuzo yafute leo. Huwekwa na filamu iliyochaguliwa kwenye tamasha au iliyoshinda. Yako haijatoka hata kwenye laptopu.

BiHina alijibu:

Mwanangu, usianze upya. Mimi ni mpiga video wa harusi, upande wa wanawake: hina, kupamba. Nilianza enzi za kanda za VHS. Sikusomea kaida darasani, nilifundishwa na mama za maharusi. Ukikosa pale bibi harusi anapoingia, hata kama biriani umeipiga vizuri vipi, pesa yako utaidai mpaka uchoke. Kaida ndiyo hiyo: ni kitu mtazamaji amekuja akikingojea. Kwenye bango umemwambia aje kungoja fainali. Akija akakuta mkokoteni, atajiona kaibiwa, na mkokoteni ndio mali yako!

Sasa sikiliza. Kazi zangu hazitangaziki kwa sura. Wanawake wako vichwa wazi, wamejipamba, hakuna mume anayetaka mkewe azunguke kwenye simu za watu. Kwa hiyo trela zangu hazina uso hata mmoja. Ni mikono yenye hina inakauka, viatu vimepangwa mlangoni, ubani unafuka, halafu vigelegele unavisikia bila kumuona anayepiga. Na ndizo zinazoniletea wateja.

Muuza madafu ana mikono. Umeitazama? Maji ya kumbi la dafu huacha doa la kahawia ambalo sabuni haitoi, kwenye nguo na kwenye ngozi. Bila shaka kidole gumba kina alama ya panga. Mikono hiyohiyo jioni inadaka mpira. Bango lako ni mikono miwili imefunguka, doa linaonekana, na ulipotarajia mpira pana dafu. Mtu atasimama ajiulize. Kaida umeifuata (mwanamichezo mmoja, picha moja kubwa, jina la filamu, mstari mfupi wa kuvutia, majina ya wahusika chini kwa herufi nyembamba, tarehe), na umeivunja mahali pamoja tu. Hiyo utaieleza vizuri kwenye ripoti.

Rangi ichukue kwenye filamu yenyewe, kijani cha dafu, na fonti moja. Bango, trela na jarida vikiwekwa pamoja vijuane kama ndugu. Jarida lina mambo yake: kichwa cha habari, mistari miwili ya kuingilia, maelezo chini ya picha, na nukuu moja iliyokuzwa katikati. Nukuu itoke kinywani mwake, usimtungie. Trela ianze na sauti ya panga kabla picha haijaja. Matokeo ya mechi usiyataje.

Hilo la kujifunga: najua ulichofanya. Ulichoka na jua, ukavuka ukasimama upande wa pili wa uwanja, sivyo? Ukivuka, timu iliyokuwa inashambulia kwenda kulia inaonekana inaenda kushoto. Kamera kuu za mpira hukaa upande mmoja kwa sababu hiyo. Usizitupe hizo picha. Katikati yake pachika picha ya kutoka nyuma ya goli, au uso wa kipa umejaa fremu, jicho lisahau kulia na kushoto ndipo uvuke. Na baada ya mapumziko timu hubadilishana magoli, kwa hiyo onyesha wakivuka, hata kwa sekunde mbili.

Mahojiano uliyapiga saa ngapi?

Mwana_Mikindani alijibu:

Bi, umenipiga chabo! Nilivuka kweli, na ilikuwa jua. Mahojiano nilipiga saa kumi na mbili jioni, kando ya uwanja. Adhana ya magharibi ikaanza katikati.

BiHina alijibu:

Basi hapo usikate. Ukikata maneno, adhana itaruka, na hapa Mombasa hakuna sikio lisilojua adhana inavyofuatana. Iache iende mfululizo, maneno yake yapite juu, na ukitaka kufupisha tumia yale aliyosema kabla. Mwanga wa saa hiyo ni mzuri, jua la saa sita lingemchimba macho.

Mzee_Ganjoni alijibu:

Naingilia kidogo kuhusu hiyo sare. Machi 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa, uwanja wa gofu, na mimi nilikuwepo. Tulikwenda kumuona Kenenisa Bekele akichukua ubingwa wa sita mfululizo. Joto likamshika, akaacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda, lakini waulize waliokuwepo wanakumbuka nini. Watakwambia joto, na Bekele kusimama. Kwa hiyo 1-1 isikutie aibu. Lile goli alilofungwa kipa wako unalo kwenye kamera?

Jingine: ana umri gani? Akiwa chini ya miaka 18, mzazi atie sahihi kabla hujasambaza kitu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi.

Mwana_Mikindani alijibu:

Ana 17. Mamake nitamwendea leo, tunajuana.

Goli ninalo, limepigwa kutoka nyuma ya wavu, linatikisika vibaya kwa sababu niliruka. Nilikuwa nimelitoa kwa aibu. Na nimesikiliza mahojiano tena usiku huu. Kuna mahali nilimuuliza kwa nini hakulidaka, akacheka, akasema: "Dafu nikiligonga najua lina nini ndani. Mpira haubishi hodi."

Nafikiri jina la filamu limepatikana. Kesho alfajiri namfuata mkokotenini nikapige picha ya bango.

BiHina alijibu:

Nenda. Ila mkute kazini, ashakata madafu kumi hivi, na usimwambie anawe mikono.