MJADALA: Mwanafunzi wa Uyole afundishwe eksirei za nyota au akariri past paper?

Mwl_Uyole: Wakuu poleni na baridi. Jana kikao cha wazazi mzazi mmoja kaniwakia, eti namalizia kipindi kwenye nyota wakati watoto wana mtihani. Nilichofundisha ni nyota kibete nyeupe, mzoga wa nyota ulioishiwa moto, ukubwa kama dunia ila uzito unakaribia wa jua, sasa ikiwa na mwenzie jirani inamnyonya gesi, gesi inaporomoka maelfu ya kilomita kwa sekunde, ikitua inachemka mamilioni ya nyuzi ndo eksirei zinatoka. Nikadondosha kiazi toka mezani, halafu toka darini, nikauliza kipi kimepasuka. Kosa liko wapi?

Parachichi_Rungwe: Ticha heshima yako ila nipo na mzazi. Mi eksirei naijua ya hospitali, nilivunjika mkono kwa boda nikaambiwa mashine mbovu nenda mjini, we unaniletea za nyota. Nani kaziona kwanza?

Binti_Mwanjelwa: Ukiwa chini huzioni, hewa inazimeza zote, hata upande kilele cha Rungwe. Mpaka roketi au satelaiti. Na satelaiti ya kwanza ya kazi hiyo tu inaitwa UHURU, kaka, Kiswahili chetu hiki hiki, Wamarekani waliirusha 12 Desemba 1970 toka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, siku ya uhuru wa Kenya ndo jina likatoka hapo. Kwenye orodha yake kulikuwa na chanzo ambacho 1976 kikajulikana ni AM Herculis, kibete na mwenzie, sumaku kali mpaka gesi inashukia kwenye ncha tu.

Parachichi_Rungwe: Uhuru nimekubali. Ila mtihani haukuulizi Malindi dada.

Fundi_Mafiati: Mi nampinga ticha kwa kingine. Kiazi ni mgh (nishati ya kuanguka: tungamo m mara mvutano g mara kimo h), kule kwenye kibete g inabadilika kadiri gesi inavyoshuka, mtoto akitumia mgh anakosa. Usoni pa kibete g ni kama mara laki tatu ya hapa.

Mwl_Uyole: Hapo umenipata fundi, jumatatu narudi nayo darasani. Na past paper watafanya, jioni.

Parachichi_Rungwe: Ngoja kwanza, mara laki tatu, yani kilo moja ya viazi kule inalemea kama tani 300 za huku? Na gunia la lumbesa je 😂