Fundi kalamba oili ya gari langu, halafu kaniambia nirudi jikoni

Mama Tausi

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya bajaji, hasira zimenikaba hapa kooni. Yule fundi mnamjua. Yule ambaye kila grupu la magari hapa Dar, mtu akiuliza tu "nani fundi mzuri wa Toyota", watu wanakimbilia kumtaja kana kwamba ndiye aliyemfundisha Mjapani kukaza nati. Huyohuyo. Leo amelamba oili yangu.

Narudia: AMELAMBA.

Gari ni Toyota IST, injini ya petroli ya 1NZ. Ilichemsha pale Kimara mwezi wa pili, hedi, yaani kichwa cha injini, akafungua yeye, gasketi inayozuia maji na oili visichanganyike akabadilisha yeye, hela akala yeye. Tangu siku hiyo rejeta inakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, lita nzima kwa wiki, na chini ya gari pakavu, hata tone hakuna. Juzi moshi mweupe umeanza. Leo asubuhi nachomoa stiki ya kupimia oili: oili imevuka alama ya juu na ina rangi ya chai ya maziwa. Na mimi sijaongeza oili hata kijiko! Kitu kimepungua kwenye rejeta, kimeongezeka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Unahitaji kusoma wapi ndiyo ujue kimepita wapi?

Nikampelekea. Nikasema kwa adabu zote, "Fundi, maji yameingia kwenye oili, tazama, imekuwa chai ya maziwa." Pale kuna madereva wa bajaji, vijana wa kuosha magari, mama wa mihogo. Akachukua stiki, akachovya kidole chake, akakitia mdomoni, akafumba macho kama mpishi anaonja mchuzi wa harusi. Kisha akasema: "Mbona tamu tu, oili nzuri hii. Dada yangu, mambo ya chai ni ya jikoni, injini niachie mimi."

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

TAMU! Jamani, oili ya injini imeanza lini kuwa tamu? Kilicho kitamu ni kulanti, ile dawa nyekundu ya kwenye maji ya rejeta niliyonunua kwa hela yangu mwenyewe! Ushahidi kaulamba, kaumeza, halafu ananicheka nao bado uko mdomoni!

Eti tumwage, tuweke mpya. Lita 3.7 za oili mpya zikakutane na maji yaleyale, kwa tundu lilelile. Gari nimelizima, funguo ninazo mimi. Nimechota kidogo kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, naenda nayo nyumbani. Kile kidole sitakisahau mpaka nazikwa.

Chuma Chakavu

Nimecheka mpaka abiria wananiangalia. Ila mwambieni aache hiyo tabia, kulanti nyingi zina glaikoli na ile ni sumu, inaua figo. Utamu wake ndio unaoponza mbwa na watoto.

Mjomba wa Tegeta

Mleta uzi, gari umelipeleka kwa mtu yuleyule aliyeliharibu, halafu unashangaa? Mimi nakulaumu wewe.

Mama Tausi

Mjomba, wewe ndiye uliyemsifia kwenye uzi wa mwaka jana. Nenda kasome ulichoandika.

Mjomba wa Tegeta

Mwaka jana alikuwa halambi.

Baba Njombe

Tusikimbilie hedi jamani. Huku kwetu kuna baridi, ukiwa unapeleka mtoto shule na kurudi tu, injini haipati moto wa kutosha. Mvuke unajikusanya chini ya mfuniko wa kutilia oili, ukifungua unakuta ute mweupe kama mayonezi. Ukienda safari ndefu unaisha wenyewe. Angalia stiki kwanza.

Mama Tausi

Baba, nimeandika STIKI. Na mimi niko Kimara, saa kumi na mbili asubuhi jasho limeshanitoka, hiyo baridi naitoa wapi? Halafu mvuke hauwezi kumaliza lita ya maji ya rejeta kila wiki.

Dereva wa Prado

Afadhali wewe una IST. Mimi nina injini ya dizeli ya 1KZ, hedi imepasuka mara mbili. Mara ya kwanza fundi aliniambia ni weusi tu wa oili. Dizeli oili yake huwa nyeusi siku mbili baada ya sevisi, ni masizi, huo si ugonjwa. Ila nyeusi na ya maziwa ni vitu viwili tofauti hata kwa mtoto! Ukitaka kujua, waambie wapime rejeta kwa ile dawa ya bluu. Moshi wa injini ukipenya kwenye maji, dawa inageuka njano, mabishano yanaisha.

Mama Tausi

Nimefika nyumbani. Nimewasha jiko, nikashika kijiko cha zamani kwa koleo, nikakipasha moto, nikadondoshea tone moja kutoka kwenye ile chupa. Wakuu, limepasukapasuka na kuruka kama samaki mbichi mwenye maji anapotumbukizwa kwenye mafuta. Nikafuta kijiko, nikaweka tone la oili mpya kutoka kwenye dumu la sevisi iliyopita: kimya, moshi kidogo basi. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, oili bado imetulia, ndiyo maana yanaruka. Kila aliyewahi kukaanga samaki analijua hili. Na nimelipimia JIKONI, hukohuko alikonirudisha! Nimerekodi video. Kesho namwekea mbele ya kijiwe chake chote, na mama wa mihogo aone.

Sukari Guru

Safi sana dada. Mimi Vitz yangu oili nayo ilipanda, ila ilikuwa nyepesi kama maji na inanuka petroli. Nozeli ilikuwa inavuja. Fundi wangu alinusa akasema "ndiyo harufu ya gari". Harufu ya gari!

Chuma Chakavu

Bora wa kunusa kuliko wa kulamba.

Kiroba Mzee

Mnaongea mafundi, waosha magari je? Juzi kijana kanipulizia maji ya presha kwenye injini, gari likagoma kuwaka, na ya kuosha akadai nimlipe!

Sukari Guru

Usinikumbushe. Wangu alinirudishia gari redio imebadilishwa stesheni zote na kiti kimelazwa. Alikuwa analala humo.

Dereva wa Prado

Wangu alikwenda nalo kununua vocha, taa ya mafuta ikawaka.

Mama Tausi

Wakuu, turudi kwenye kidole.

Baba Njombe

Samahani, huyo mama wa mihogo anakaa upande gani wa barabara? Wiki ijayo nashuka Dar.

Mjomba wa Tegeta

Usihangaike. Mia tano kipande chembamba kama penseli, na kachumbari anakupimia kwa kifuniko cha soda.