Naomba ushauri: hotuba ya miaka 100 ya mji wetu huku Saskatchewan

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Saskatchewan, Kanada, kwenye mji mdogo wa wakulima wa ngano. Kiangazi hiki mji unatimiza miaka 100, na kamati imeziomba familia zinazotoka Afrika Mashariki zitoe mtu wa kuzungumza kwenye kumbukumbu ya waanzilishi. Nimechaguliwa mimi.

Waanzilishi hao nawaheshimu kwa dhati. Kwa sheria ya mwaka 1872 mtu alilipa ada ya dola 10 akapewa ekari 160, lakini hati aliipata baada ya kujenga, kulima na kukaa miaka 3. Miti ilikuwa haba, hivyo wengi walikata udongo pamoja na mizizi ya nyasi, wakaupanga kama matofali, wakalala humo baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri. Baridi hiyo naijua, inauma hadi kwenye meno.

Ila ardhi ile ilikuwa na wenyewe. Wakrii, wenyeji wa asili wa huku, walitia saini Mkataba wa 6 na Taji la Uingereza kuhusu ardhi hiyo mwaka 1876, na ratiba ya sherehe haiwataji popote. Wala haiwataji Weusi waliotoka Oklahoma, Marekani, wakafungua mashamba kaskazini mwa mji wa Maidstone, humu humu Saskatchewan, kuanzia 1910, wakajenga kanisa la magogo, Shiloh.

Je, niyaseme haya jukwaani, au kwanza nimfuate mwenyekiti faragha? Ni mzee wa watu, na babu yake yumo kwenye orodha ya waanzilishi. Na wazee wa Kikrii niwaendee kwa adabu gani? Mlioishi Kanada nisaidieni, hotuba inatakiwa wiki ijayo.