Wauguzi wa vita ya Korea: wapiganaji au wahudumu?

Kijiwe_Nongwa (mleta mada)
Wadau, nimebishana na shemeji yangu mpaka chai imepoa. Yeye anasema wauguzi waliokwenda vita ya Korea, ile ya 1950 hadi 1953, wanastahili heshima ileile ya askari wa bunduki: nishani ileile, pensheni ileile, jina kwenye mnara uleule. Mimi nakataa. Mpiganaji ni anayelala kwenye handaki huku adui akimnyemelea. Muuguzi yuko nyuma kwenye hema, jiko linawaka. Karibuni kwa hoja.

Sista_wa_Zamu
"Jiko linawaka"! Kaka, wewe umewahi kukesha na majeruhi hata mmoja? Wauguzi 57 wa jeshi la Marekani walishuka Pusan mwanzoni mwa Julai 1950, na siku chache baadaye 12 kati yao walikuwa tayari Taejon na hospitali ya kuhamahama. Mji huo ulitekwa mwezi huohuo. Hayo mahema hayakuwekwa kwa shangazi yako, yaliwekwa mahali mizinga inasikika, na mstari ukirudi nyuma mnafungasha usiku na wagonjwa wenu.

Kijiwe_Nongwa
Dada punguza povu, shangazi yangu hajakukosea. Kusikia mzinga si kupigana, hata kuku wa Taejon waliusikia. Nitajie muuguzi aliyekuwa juu kule bwawa la Chosin, Korea Kaskazini, Novemba 1950, nyuzi 30 na zaidi chini ya sifuri, Wachina waliokuja kuisaidia Kaskazini wamewazunguka Wamarekani pande zote.

Daktari_Mstaafu
Vijana, mnachanganya watu wawili. Juu kule Chosin waliokuwa wanafunga vidonda ni matabibu wa jeshi la majini la Marekani waliotembea na wanamaji (Marines, wanaopigana nchi kavu) bega kwa bega, na walikuwa wanaume. Nimesoma sana habari zao. Vibomba vya mofini, dawa ya maumivu, walivifumbata mdomoni ili dawa isigande. Plazma, yale majimaji ya damu anayoongezewa majeruhi, iligeuka barafu kwenye chupa, ikawa haina kazi. Majeruhi huwezi kumchania nguo umwone jeraha, maana ukimfunua tu baridi inammaliza kabla ya risasi. Na baridi hiyohiyo iliwaokoa baadhi yao, damu iliganda kwenye tundu la risasi ikaacha kutoka.

Wauguzi wa kike waliwapokea chini, kwenye meli ya hospitali Consolation pale bandari ya Hungnam. Wahandisi walichimba uwanja wa ndege Hagaru-ri kwenye ardhi ngumu kama jiwe, na kwa siku chache za Desemba wakatolewa majeruhi zaidi ya 4,000 kwa ndege. Mtu aliyekatwa vidole vyote vya miguu hakukatiwa mlimani, alikatiwa mbele ya macho ya muuguzi. Sasa hapo nani alikuwa vitani?

Ngalawa_Tupu
Mada nzuri ila haituhusu. Baridi ile ni ya Wazungu na Wachina. Mwafrika ungempeleka kule asubuhi, jioni angeomba ruhusa ya kwenda msibani 😂

Mwana_Moyale
Wewe Ngalawa kaa kwenye maji ya uvuguvugu yako. Mwafrika alienda! Haile Selassie, mfalme wa Ethiopia, alitoa kikosi kutoka walinzi wake mwenyewe, kikosi cha Kagnew, na walipigana hapohapo Chosin wakawatoa Wachina mbio. Hakuna hata Mhabeshi mmoja aliyetekwa vita nzima. HATA MMOJA. Soma historia kabla ya kuchekacheka.

Sista_wa_Zamu
Asante Moyale. Watu wa pwani wakiwashiwa feni tu wanaomba blanketi.

Ngalawa_Tupu
Sista, na wewe umo? Nilidhani una wagonjwa.

Bwana_Tarehe
Moyale, kutotekwa ni kweli, hilo linajulikana. Chosin si kweli. Kagnew ya kwanza ilifika Korea Mei 1951, mambo ya Chosin yalikwisha Desemba 1950. Nadhani umechanganyikiwa hapa: Wahabeshi walipofika waliunganishwa na rejimenti ya 32 ya divisheni ya 7 ya Marekani, na batalioni ya kwanza ya rejimenti hiyohiyo ndiyo iliyosambaratishwa upande wa mashariki wa bwawa, kamanda wake Don Faith akafia kule. Kwa hiyo waliingia kwenye nyumba yenye msiba, lakini matanga yalishaanuliwa.

Mwana_Moyale
Hata kama ni 1951, majira ya baridi ya 1951 na 1952 walikuwa wapi, Mombasa? Theluji waliikuta. Zaidi ya 120 walikufa kule. Tusipunguze.

Wakili_Kimya
Samahani niwarudishe. Mikataba ya Geneva ya 1949 inamlinda mhudumu wa afya kwa sababu hapigani. Anaruhusiwa silaha ndogo ya kujilinda yeye na wagonjwa wake, basi. Mkimwandika mpiganaji mnampa adui sababu ya kumlenga. Heshima anaweza kupewa bila kubadilishiwa kundi.

Ngalawa_Tupu
Bwana Tarehe, na Addis nako ni baridi gani? Mita 2,400 hivi, watu wanavaa shuka. Makete kuna baridi kuliko Addis.

Mkikuyu_wa_Kinangop
Makete? Njooni Kinangop Julai saa kumi na moja alfajiri mkame ng'ombe, ndio muongee.

Sista_wa_Zamu
Nyote hamjui baridi. Buti walizopewa wanamaji zilikuwa na mpira chini: ukitembea mguu unatoa jasho, ukisimama kulinda jasho linaganda ndani ya soksi. Ukimvua mtu kwa pupa, ngozi inafuatana na soksi. Na Wachina walikuwa na viatu vya turubai! Jeshi lao la 9 lilikuwa na karibu watu 30,000 walioumizwa au kuuawa na baridi peke yake. Nani aliwauguza hao? Hakuna meli nyeupe ya hospitali iliyowangoja.

Kijiwe_Nongwa
Naona sasa tunawalilia Wachina. Mada ilikuwa pensheni.

Bwana_Tarehe
Pensheni? Waulize hao Kagnew. Wakorea wamewajengea mnara Chuncheon tangu 1968. Kwao Ethiopia, Derg, wale wanajeshi waliompindua Haile Selassie, walipoingia 1974 na kushikana mkono na Korea Kaskazini, kuwa mkongwe wa Korea kukawa ni aibu. Wapiganaji halisi wa bunduki, Kijiwe, usijidanganye kwamba bunduki ndiyo inayoleta pensheni.

Mwana_Moyale
Derg waliharibu kila kitu.

Ngalawa_Tupu
Kila kitu? Kampeni ya kusoma na kuandika nayo waliiharibu?

Mwana_Moyale
Ngalawa, umesoma shule ya nani wewe? Njoo na ushahidi, usije na feni yako.

Daktari_Mstaafu
Mengistu, mkuu wa Derg, ameingia. Mimi naenda kulala.