Jirani yangu ananiomba nikazungumze kwenye mkutano wa fidia ya utumwa hapa St. Paul. Niende au nikae pembeni?

Chumbageni

Wakuu, salaam. Naomba ushauri, na mnivumilie maana maelezo ni marefu.

Mimi ni Mtanzania, kwetu Tanga, naishi St. Paul, Minnesota, na mume wangu na watoto. Jirani yetu ni mama wa Kimarekani Mweusi, mtu mzima sana, watoto wangu wanamwita Bibi. Alizaliwa Rondo. Kwa msioijua, Rondo ulikuwa mtaa wa Weusi hapa mjini, una makanisa yake, saluni zake, maduka yake. Mwaka 1956 serikali ikaanza kujenga barabara kuu ya I-94, ikaipitisha katikati ya mtaa. Barabara ilipofunguliwa mwaka 1968, nyumba zaidi ya 700 na biashara kama 300 zilikuwa zimekwenda. Nyumba ya baba yake Bibi ilikuwamo. Mzee alilipwa kidogo, na alipotaka kununua kwingine alifungiwa milango, akafa mpangaji.

Januari 2021 baraza la jiji lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa utumwa na kwa ubaguzi wa jiji lenyewe, likaunda kamati ya kuandaa njia. Januari 2023 likapitisha sheria ndogo ya kuanzisha tume ya kudumu ya fidia, wajumbe 11. Bibi huhudhuria mikutano ya kutoa maoni. Sasa ananiomba niende naye, na mimi niseme neno.

Sababu ni hii. Tuliponunua nyumba yetu nilifuatilia hati zake za zamani kaunti. Nikapewa nakala, karatasi ya taipureta iliyofifia. Katikati ya masharti ya uzio na umbali wa nyumba kutoka barabarani kuna sharti kwamba eneo hili lisiuzwe, lisipangishwe wala kukaliwa na mtu asiye Mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani anayeishi na mwajiri wake. Niliisoma nimesimama palepale kaunta, mikono ikaishiwa nguvu. Nilipomwonyesha Bibi alikaa kimya kidogo, akaniambia, "Hii ndiyo ilimzuia baba yangu. Njoo uwaonyeshe."

Sasa nyumbani hatuelewani. Mume wangu anasema tusijiingize, ni ugomvi wa wenyewe. Shemeji yangu anasema kama fidia ni ya Weusi na sisi tujiandikishe. Na mwenzangu mmoja kanisani kaniambia nikisimama pale watanijibu kwamba sisi Waafrika ndio tuliowauza. Hilo la mwisho limeninyima usingizi.

Nifanyeje?

Baba Neema

Dada, nakushauri kama ningemshauri mdogo wangu wa tumbo moja: nenda umsindikize, ila usizungumze.

Sikuambii hivyo kwa kuwa jambo si kubwa. Ni kubwa mno, ndiyo maana. Mikutano hii muda wa kila mtu ni mfupi, na waliobomolewa Rondo wanazidi kufariki. Dakika unazochukua wewe ni za mtu aliyeona katapila kwa macho yake. Halafu mikutano ya jiji hurekodiwa na kuwekwa hadharani. Sijui hali ya makaratasi yenu ya uhamiaji na sikuulizi, lakini kwa nyakati hizi mtu ajue sura yake inabaki wapi.

Mpiga Chapa

Nafanya kazi ofisi ya mawakili, si wakili, ila haya mambo ya ubaguzi wa nyumba ndiyo yanapita mezani kwangu. Baba Neema kasema vizuri kuhusu muda, lakini kuna kitu hakijasemwa: ile karatasi yako ni ushahidi, na ushahidi ndio tume hizi zinautafuta.

Wengi hudhani tume ya uchunguzi ni njia ya kuzungusha watu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini kwa sheria za Marekani jiji haliwezi kuamka tu na kutoa pesa kwa misingi ya rangi. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya nchi iliamua kesi ya jiji la Richmond, Virginia. Richmond ilikuwa imewatengea makampuni ya watu wa jamii za wachache asilimia 30 ya thamani ya kandarasi za ujenzi. Mahakama ikaufuta mpango, ikisema jiji halikuonyesha ubaguzi mahususi uliotendeka pale pale ambao mpango ule ulikuwa unaurekebisha. Kusema "tulibaguliwa nchi nzima" hakukutosha. Tangu hapo kila jiji lenye mawakili makini linajua lazima lionyeshe: sheria ipi, mwaka gani, mtaa upi, nani aliumia.

Evanston, Illinois, ndiyo walifuata njia hiyo. Novemba 2019 baraza lao, likiongozwa na diwani Robin Rue Simmons, lilitenga dola milioni 10 kwa miaka 10 kutoka kwenye kodi ya bangi halali. Wanahistoria wa pale wakaandika ripoti ndefu kuhusu jinsi jiji lilivyowasukuma Weusi mtaa mmoja. Machi 2021 baraza likapitisha, kura 8 kwa 1, mpango wa dola 25,000 kwa kila aliyestahili, kwanza kwa ajili ya nyumba: kununua, kukarabati au kulipia mkopo. Wa kwanza 16 walipatikana kwa bahati nasibu Januari 2022. Hata hivyo mwaka 2024 walishtakiwa mahakamani kwamba mpango unabagua kwa rangi. Kama Evanston wenye ripoti wanashtakiwa, fikiria jiji lisilo nayo.

Na msisahau Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungwa makambini wakati wa Vita vya Pili. Mwaka 1980 Bunge la Marekani liliunda tume ikasikiliza mashahidi mji kwa mji. Mwaka 1988 Rais Reagan akatia saini sheria ya kuwaomba radhi na kumlipa dola 20,000 kila aliyefungwa aliyekuwa bado hai. Tume ilitangulia, malipo yakafuata. Kwa Weusi, mswada wa kuunda tume ya namna hiyo uliwasilishwa na mbunge John Conyers mwaka 1989, ukarudishwa miaka na miaka, mpaka leo haujawa sheria. Ndiyo maana majiji yameanza yenyewe, hasa baada ya George Floyd, Mmarekani Mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis Mei 2020.

Shemeji wa Mjini

Mkuu Mpiga Chapa, tueleze basi, mhamiaji ana chake au hana? Maana polisi akikusimamisha barabarani hakuulizi babu yako alitoka meli gani.

Mpiga Chapa

Swali la haki kabisa. Jibu fupi ni hana, na nitaeleza kwa nini naona ni sawa.

Evanston wanaostahili ni Weusi waliokuwa watu wazima wakiishi pale kati ya 1919 na 1969, wazao wao wa moja kwa moja, au aliyeweza kuthibitisha kwamba sera ya jiji ilimbagua kwenye nyumba baada ya hapo. Jimbo la California liliunda kikosi kazi cha watu 9 kwa sheria ya mwaka 2020. Machi 2022 walibishana sana juu ya hili hili, wakapiga kura, 5 kwa 4, kwamba fidia iwe kwa wazao wa Weusi waliokuwa watumwa Marekani, au wa Weusi huru walioishi nchini kabla ya mwisho wa karne ya 19. Ushindi wa kura moja, ndugu yangu, kwa hiyo wewe si wa kwanza kuuliza. St. Paul nako upo mfuko wa jiji wa kuwasaidia wazao wa waliobomolewa kwa ajili ya I-94 kununua nyumba. Wote hao wanafuata dhara na aliyelipata.

Polisi akikuonea ukiwa mhamiaji, una madai yako, yadai. Lakini baba yako hakunyang'anywa nyumba Rondo.

Mtoto wa Kengeleni

Chumbageni dada yangu, nakuja kwenye hilo lililokunyima usingizi.

Mimi ni wa Kisauni, Mombasa, ukoo wetu ni wa Frere Town. Wamisionari wa Kiingereza walianzisha makazi yale mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Kengele ilisimikwa pale ili kuwatahadharisha watu wavamizi wakija, na ndiyo iliyopaacha na jina Kengeleni. Mababu zangu walitoka bara, Nyasa na Uyao, hawakurudi tena kwao. Kwa hiyo mtu akiniambia "nyie Waafrika ndio mliuza", namuuliza nyie akina nani? Sisi tuliouzwa au waliotuuza? Sote tulikuwa Waafrika.

Ukiulizwa hivyo mkutanoni usikane kwamba walikuwapo Waafrika waliouza. Walikuwapo, magharibi na kwetu pwani. Tanga kwenu misafara ilipita, Pangani pia. Kiri kwa heshima. Halafu useme kinachowahusu pale: hakuna chifu wa Afrika aliyechora I-94, wala aliyeandika hati ya nyumba yako. Tume ya St. Paul inachunguza jiji la St. Paul.

Na kitu kingine nataka wana jamvi wakijue, maana huwa watu wanasema fidia ya utumwa haijawahi kulipwa. Imelipwa sana, ila walilipwa wenye watumwa. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 mwaka 1833. Washington, mwaka 1862, ililipa mpaka dola 300 kwa kila kichwa, mkononi mwa bwana. Zanzibar soko lilifungwa 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria 1897, na mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kudai uhuru wake mahakamani, huku fidia akipewa mwenye mali. Pwani ya Kenya nako, 1907, fidia ilikwenda kwa mabwana. Babu zetu waliondoka na miili yao tu. Nikisikia leo jiji la Marekani limekaa kitako kuuliza "je, aliyefanywa mtumwa alipata nini?" mimi moyo wangu unasimama nao, ingawa senti haitanifikia.

Mama Furaha

Bonjour wote. Mimi ni Mkongomani, tunaishi Providence, Rhode Island. Huku meya alianza Julai 2020: kwanza ukweli, kisha upatanisho, kisha fidia. Ripoti ya ukweli ilitoka 2021 na ni nzito, maana Rhode Island ndiyo ilikuwa inatuma meli nyingi za watumwa kuliko sehemu zingine za Marekani. Lakini pesa zilipofika, dola milioni 10, zilikuwa za fungu la serikali kuu la Korona, na masharti yake hayakuruhusu kuchagua kwa rangi. Ikawa hata Wazungu wa kipato cha chini wanaingia. Mimi sina wivu na maskini yeyote, Mungu anajua. Ila wazee Weusi wa huku waliumia, walisema hii ni misaada, si fidia. Niliwaona wakitoka wameinamisha vichwa.

Kwa hiyo dada, ukisema kitu, omba hiki: jina la fidia lisichukuliwe na programu nyingine. Na sisi wageni tusiwe kisingizio cha kulipanua jambo mpaka liwaponyoke wenyewe.

Kwa mume wako, umwambie kwa upole. Sheria ya uhamiaji ya 1965 iliyofungua mlango kwa watu wa Afrika ilikuja mwaka mmoja baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Wale Weusi walioandamana kudai haki, wakapigwa maji ya mabomba na kung'atwa na mbwa wa polisi barabarani, ndio waliotikisa mlango huo. Tunakula matunda yao. Kumsindikiza bibi mmoja si kujiingiza.

Chumbageni

Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu jibu la Mtoto wa Kengeleni na la Mama Furaha, akanyamaza, kisha akauliza mkutano ni saa ngapi. Atakuja.

Nimeamua hivi: sitaomba chochote kwa ajili yetu. Bibi atazungumza kwanza habari za baba yake, mimi nitafuata na karatasi tu, niseme nyumba iko wapi na sharti linasema nini. Shemeji nimemweleza pia, kanuna lakini ameelewa.

Mpiga Chapa, swali la mwisho. Nimesikia naweza kulifuta lile sharti kwenye hati. Nilifute kabla ya mkutano?

Mpiga Chapa

Halina nguvu tena. Mahakama Kuu ya nchi ilikataza masharti hayo yasitekelezwe kwa amri ya mahakama tangu 1948, Minnesota ikapiga marufuku mapya 1953, na sheria ya makazi ya 1968 ikamaliza. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kulikana rasmi: unajaza fomu, inasajiliwa kaunti pamoja na hati. Maandishi ya zamani hayafutwi, yanabaki kwenye kumbukumbu na tamko lako linawekwa juu yake. Kwa hiyo hakuna cha kuharakia, fanya kabla au baada.

Ila kabla hujaenda angalia ramani ya mradi wa Mapping Prejudice wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Tangu 2016 wanakusanya masharti haya hati kwa hati, wamepita na Ramsey County yenu. Kama mtaa wenu umo, chapisha ramani uende nayo. Hati moja watasema ni bahati mbaya ya nyumba moja. Mtaa mzima hawatasema hivyo.

Baba Neema

Kwa mpangilio huo na mimi nakubali, Bibi atangulie. Andika maneno yako kwenye karatasi, usitegemee kichwa, ukisikia kengele ya muda ukate hapo hapo. Nakala utakayowaachia iwe iliyogongwa muhuri wa kaunti, na nyingine ubaki nayo. Wapigie karani wa jiji mapema uulize wanaojiandikisha kuzungumza wanafanya lini, kwa sababu sehemu nyingine orodha hufungwa kabla ya siku yenyewe.