Ufunguo wa ukumbi uko kwa mwakilishi wadi: nani hasa anasimamia mitaa ya nyumba za kaunti?

Mpangaji wa Safu ya Nyuma

Hamjambo nyote. Ninaishi hapa Kenya, katika mtaa wa nyumba za kaunti ambazo zamani zilikuwa za baraza la mji, na ambazo wazee wetu hadi leo huziita nyumba za kanjo. Sitautaja mtaa wala kaunti kwa kuwa suala lenyewe halijaisha. Katikati ya mtaa kuna ukumbi uliojengwa pamoja na nyumba, na kwa miaka mingi ulifunguliwa na mlinzi wa baraza, asubuhi kwa watoto wa chekechea, jioni kwa kwaya, vijana wa ndondi na mikutano ya matanga. Sasa ufunguo uko katika ofisi ya mwakilishi wadi, yaani mjumbe wetu katika bunge la kaunti.

Mwezi uliopita jirani yetu alifiwa na mumewe, tukauhitaji ukumbi kwa mkutano wa mchango. Kijana wa ofisi hiyo alitutaka tutume shilingi 3,000 kwa simu, na ujumbe wa M-Pesa uliorudi ulikuwa na jina la mtu binafsi. Risiti hatukupewa. Tulipoingia tulikuta viti vimefungwa kwa mnyororo, tukatoa 500 nyingine ili vifunguliwe.

Afisa wa nyumba aliniambia kwamba mambo ya ukumbi ni ya mheshimiwa, na msimamizi wa wadi, ambaye ni mwajiriwa wa kaunti, akanirudisha kwa afisa wa nyumba. Bomba la majitaka lililopasuka nyuma ya safu yetu nalo limekwama katika mzunguko huo huo. Je, kisheria ukumbi huu uko chini ya nani, na ni nani anayepaswa kumkagua huyo anayeusimamia?

Karani Mstaafu

Mwanangu, poleni kwa msiba. Nilifanya kazi katika baraza la mji kabla ya 2013, kisha miaka michache katika bunge la kaunti, kwa hiyo mzunguko unaousimulia ninaujua.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya nyumba, na pia kumbi, viwanja vya michezo na mahali pengine pa umma pa burudani na utamaduni. Kuiendesha kazi hiyo ni jukumu la kamati tendaji, yaani waziri wa kaunti wa nyumba na maafisa walio chini yake. Bunge la kaunti haliendeshi chochote: chini ya kifungu cha 185 linaikagua kamati tendaji, na kifungu cha 195 kinalipa mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuwaita mashahidi na kudai hati. Zamani diwani aliketi katika kamati za baraza zilizoamua mambo ya nyumba, na wananchi wakazoea kumwona yeye ndiye baraza. Mazoea hayo yamebaki, ingawa sheria imeyakata. Soma kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012: mwakilishi wadi haruhusiwi kujihusisha na shughuli za utendaji, wala kutoa huduma kana kwamba ni mwajiriwa wa kaunti. Akishika ufunguo na ofisi yake ikapokea ada, atasimamaje bungeni kuuliza ada hiyo imekwenda wapi?

Kuhusu fedha, kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kutoza kodi au ada ya leseni bila sheria, na kwa kawaida ada za kukodi kumbi huorodheshwa katika jedwali la Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka. Tafuta jedwali hilo uone ukumbi wenu umewekewa kiasi gani. Kifungu cha 207 nacho kinataka mapato ya kaunti yaingie katika Hazina ya Mapato, na simu ya kijana si hazina.

Mlipakodi

Naomba niseme upande usiopendeza. Mimi nimepanga kwa mtu binafsi na ninalipa zaidi ya mara tatu ya kodi ya nyumba za kaunti. Katika mitaa hiyo wapo waliolimbikiza madeni ya miaka, na wapo waliohamia kwingine wakapangisha vyumba vya kaunti kwa bei ya soko, faida ikabaki mfukoni mwao. Mtu wa aina hiyo hawezi kuwa na haraka ya kuona daftari la wapangaji likikaguliwa. Mkiitisha ukaguzi wa ukumbi, itisheni na wa nyumba.

Mpangaji wa Safu ya Nyuma

Hilo sikatai. Katika safu yetu pekee ninajua vyumba viwili ambavyo mwenye jina daftarini hajalala humo kwa miaka. Hata hivyo, mjane aliyetozwa 3,500 hadaiwi hata mwezi mmoja.

Mzaliwa wa Kaloleni

Nimekulia Kaloleni, Nairobi, mtaa wa miaka ya 1940 ambao ukumbi wake ulitumiwa na wanasiasa wa kupigania uhuru, kwa hiyo neno ukumbi hunigusa. Ningekushauri uulize jambo ambalo Mzee Karani hakuligusa: je, ukumbi wenu umo katika rejista ya mali ya kaunti? Mabaraza yalipovunjwa mwaka 2013, kuorodhesha mali zake kulikabidhiwa Mamlaka ya Mpito, chombo cha muda cha kusimamia kuingia kwa serikali za kaunti, ambayo muda wake uliisha 2016 kazi haijakamilika. Nyumba angalau ina mpangaji wa kuitetea. Ukumbi, uwanja na choo cha sokoni havina, na siku mtaa unapopangiwa kubomolewa ili yajengwe maghorofa, kisichokuwa katika rejista hakitaonekana katika ramani mpya.

Karani Mstaafu

Ni kweli, nami nililiruka. Basi andika barua mbili. Ya kwanza iende kwa kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukiomba nakala ya ukurasa wa rejista unaohusu ukumbi, na mapato yake ya miaka miwili. Hulazimiki kueleza sababu, nao wana siku 21 za kujibu. Wakinyamaza, utakwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Ya pili iwe ombi rasmi kwa karani wa bunge la kaunti chini ya kifungu cha 15 cha ile sheria ya 2012, mkieleza habari za ufunguo, ada na bomba, na mkiambatisha ule ujumbe wa M-Pesa. Usimtukane mheshimiwa humo ndani. Taja tarehe na kiasi tu.

Mpangaji wa Safu ya Nyuma

Asante sana, Mzee. Mjane amekubali kuwa wa kwanza kutia sahihi. Je, barua zinaweza kupitia kwa msimamizi wa wadi?

Karani Mstaafu

Mpe nakala, lakini zile zenyewe zipeleke kwa mkono wako hadi masjala, nawe uwe na nakala ya ziada. Usiondoke dirishani kabla haijagongwa muhuri wenye tarehe.