Kuruta akisema anaumwa anaitwa mtegeaji. Hili la kambini Kigoma limenichosha

Wakuu heshima zenu.

Nimemaliza miezi yangu mitatu ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, nimerudi Urambo juzi kwa treni, na naandika kabla hasira hazijapoa. Anayetaka kuniambia mimi ni mtoto wa mayai apite tu. Nimezaliwa kwenye tumbaku. Tangu darasa la nne naamka usiku wa manane kuchochea moto wa bani la kukaushia tumbaku.

Kwa hiyo filimbi ya saa kumi alfajiri haikunitisha. Mchakamchaka, kwata juani, maharage kila siku huku harufu ya migebuka inatoka ziwani, simu kukusanywa siku ya kwanza, yote hayo niliyazoea ndani ya wiki mbili. Kuna siku niliimba chenja mpaka sauti ikakauka, na nilifurahi. Fatiki ya kubeba mikungu ya chikichi ina miiba na inachoma mabega, lakini ni kazi, inaisha.

Kilichonishinda ni neno moja: KUTEGEA, yaani kujifanya mgonjwa ili ukwepe kazi.

Orodha ya vifaa tuliyopewa kabla ya kuripoti ilieleza bukta kama vile tunakwenda harusini: bluu iliyokolea, mpira kiunoni, isiwe na zipu, mfuko mmoja nyuma, iishie magotini. Shuka za bluu bahari. Mama aliuza mbuzi nikanunua vyote. Sasa fika stoo kuchukua buti: mguu wangu namba 7, napewa namba 9, naambiwa "utakua". Nikajaza magazeti mbele, yakasaidia siku moja. Wiki ya pili, jioni, navua soksi inagoma. Imegandia kwenye damu. Nikailowesha kwa maji ya chupa, nikawa naivuta kidogo kidogo huku nimeuma taulo. Ilipotoka ilikuja na ngozi ya kisigino, upana wa sarafu ya shilingi mia.

Asubuhi nikajitokeza mbele ya platuni: "Afande, naomba kwenda zahanati, mguu." Hakuuangalia. "Kuruta, unategea." Nikarushwa kichura raundi mbili za uwanja, na buti zile zile.

Mimi si kitu. Jamaa aliyelala kitanda cha chini yangu, mtu wa Kasulu, mpole, alianza kutetemeka usiku na hanga (bweni letu) lenyewe lina joto. Malaria ya Kigoma na Tabora nani asiyeijua? Akasema mara ya kwanza: mtegeaji. Akasema mara ya pili, kombania nzima ikapigishwa pushapu kwa ajili yake. Hapo na sisi tukamchukia. Nakiri, mimi mwenyewe nilimwambia "jikaze bwana, utatuponza". Siku ya tatu yuko kwenye kwata, akadondoka kama gunia. Tulimbeba wanne. Kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili. Muuguzi akauliza mbona hamkumleta mapema. Tukaangaliana.

Wategeaji wapo, sikatai. Tulikuwa na mmoja asubuhi anachechemea mguu wa kulia, jioni wa kushoto. Huyo mfanyeni mnavyotaka. Lakini mtu anachemka mwili mzima, unashindwa hata kumgusa paji la uso?

Nimemsimulia baba. Yeye alikwenda kabla utaratibu haujasitishwa mwaka 1994, enzi hizo ni mwaka mzima, na tangu uliporudishwa 2013 hajaacha kuwacheka vijana wa miezi mitatu. Akaanza: "Miezi mitatu tu, unalia?" Nikamwonyesha kisigino. Akakitazama, akavua kandambili, akanionyesha cha kwake. Kovu, mahali pale pale. "Mimi nilipewa namba 10," akasema, akarudi kwenye redio yake.

Najua humu kuna maafande, wa sasa na wastaafu. Nijibuni bila kunitukana: kile kipimo cha malaria kinachukua kama dakika 15, kipo zahanati ya kikosi, kidole kimoja tu kinatobolewa. Kuruta akisema anaumwa mpimeni kwanza. Akikutwa mzima, mrusheni kichura mpaka ziwani, mimi sitamtetea.